Dakika ya Chumba Kitupu

Banda, Kampala
11 Agosti 2024

Mpenzi Barnabé,

Nisamehe kwa kukukatia simu juzi. Nyumba yetu ni vyumba vitatu vya kuta nyembamba, na tangu Pasaka dada yake Baba, Shangazi Adoch, amehamia kwetu na masikio yake yote mawili. Nikinong'ona jikoni yeye anajibu kutoka sebuleni. Wala siwezi kujificha kwenye lugha, maana hapa kwetu tunaongea Kiswahili cha kambi ya polisi kuanzia chai ya asubuhi mpaka tunapolala. Ndiyo maana napenda tuandikiane. Nikiwa kwenye kompyuta wanadhani nasahihisha kazi za wanafunzi wangu wa Chuo cha Kyambogo.

Leo nina ombi la kikazi, kwa kuwa wewe ndiye mtu pekee ninayemjua anayelipwa mshahara kwa kusikiliza. Ni kuhusu nanga ya Baba. Hujawahi kuiona: ni ubao mrefu uliochimbwa katikati, waya mmoja umezungushwa juu yake ukawa nyuzi saba, mpigaji anaulaza mapajani na kudonoa kwa vidole. Miaka yote ya kazi Baba alipuliza klarineti katika bendi ya polisi, lakini nanga alifundishwa na babake, na nyimbo alizoachiwa hakuna mwingine kwetu anayezijua. Sasa vidole viwili vya mkono wa kushoto vimeanza kukakamaa. Anaona aibu, Barnabé. Kanisani hapigi tena. Akialikwa harusini anasema ana mafua. Nilimwambia twende studio, akaniambia hataki kijana amtazame kupitia kioo huku yeye anakosea.

Kwa hiyo nitamrekodi hapa hapa nyumbani. Nimejaribu kwa simu, ikatoka kama mvua ya mawe juu ya bati. Nataka vifaa vya kweli, vitakavyofaa pia adungu yangu, kinubi chetu, na ukija vifae ule udi unaojisifia kila siku. Ninunue nini? Usiniandikie kama fundi mwenzako. Niandikie kama mtu anayeogopa wenye maduka.

Na kuhusu Desemba, usiwe na wasiwasi wowote. Baba nimeshamweleza habari zako zote, kwamba mtakuja wewe na Mama Hortense kujitambulisha rasmi. Amefurahi. Anakusalimia sana.

Wako,
Lamwaka


Nairobi
15 Agosti 2024

Lamwaka wangu,

Umenifurahisha. Wiki nzima nimekuwa na waimbaji wa injili wanaotaka sauti zao zitetemeke hadi mbinguni, sasa wewe unaniletea chombo kinachonong'ona.

Kwanza futa kichwani ile maiki kubwa inayong'aa ambayo mwenye duka atakuwekea mbele. Na ile ya kuimbia kanisani usiiguse: imezoea kupigiwa kelele mdomoni, ukiipa nanga haitasikia kitu. Chombo cha kudonolewa, kiwe udi, gambusi, adungu au nanga, kinatoa sauti ndogo inayokufa upesi. Uzuri wake wote uko pale kidole kinapoachia uzi. Unahitaji maiki mbili nyembamba, zile zenye umbo la kalamu nene, zinazotumia umeme kidogo ili zisikie. Kila maiki ina pumzi yake yenyewe, kama mtu aliyelala. Kwa ngoma haijalishi. Kwa nanga, pumzi hiyo itakaa juu ya wimbo kama vumbi, kwa hiyo lipia maiki yenye pumzi ndogo hata kama ni ghali, halafu ubane kwingine.

Usirekodi moja kwa moja kwenye kompyuta, feni yake itaimba pamoja na Baba. Nunua kinasa sauti cha mkononi, kile chenye matundu mawili ya maiki na kinachoweza kuzipa umeme. Nunua hedifoni za kuziba masikio kabisa, si zile za pamba za kusikilizia redio. Stendi mbili. Basi. Studio ya nyumbani ni godoro: lisimamishe nyuma ya Baba, tundika mablanketi dirishani. Maiki moja itazame vidole, nyingine itazame ule uvungu wa ubao, zote zikae umbali wa mkono ulionyooshwa.

Na jambo moja ambalo kila fundi analifanya na kila anayeanza analisahau. Baba akimaliza kupiga, acha mashine iendelee. Tokeni nje wote, fungeni mlango, mkiache chumba peke yake kwa dakika moja. Tunaita dakika ya chumba kitupu. Nikiwa nayo naweza kujua kimya chenu kina nini ndani, halafu nikakitoa chini ya nyimbo zote. Bila hiyo nabahatisha.

Mama Hortense hatulii tangu nimweleze habari zako. Unajua mamangu alipofariki kule Bukavu, mdogo wake huyu ndiye aliyenilea. Ameshachagua kitenge cha Desemba, amekikata na kukifumua mara mbili. Wateja wake wa cherehani huko Katwe, Kampala, wameshachoka kusikia jina lako. Anauliza Waacholi wanapenda kula nini.

Msalimie Mzee Saverio. Mwambie mkwe wake anamheshimu.

Barnabé


Banda
2 Septemba 2024

Barnabé wangu,

Nimenunua! Mwenye duka alinionyesha maiki ya dhahabu, nikamwambia sitaki. Akanionyesha nyingine yenye taa ya buluu, nikamwambia hiyo inasikia au inawaka? Akaniuliza kama nimetumwa na mtu. Nilijivuna, nikamwambia nimetumwa.

Jana tulijaribu. Baba alikaa kitandani, godoro langu likiwa limesimama nyuma yake, akauliza kama anarekodiwa au anakamatwa. Aliposikia sauti yake kwenye hedifoni aliutazama mkono wake wa kushoto, kisha akasema, "Kidole hii kinachelewa." Nikamwambia hakuna mwingine atakayesikia. Akasema, "Mimi nasikia."

Lakini kuna tatizo. Nanga iko mbali mno. Nikiikaribia kwa kuongeza sauti ya kuingia, naleta na kuku wa jirani, friji, boda boda za barabarani, na Shangazi Adoch akigeuza chapati. Niongeze au nipunguze?

Lamwaka


Nairobi
6 Septemba 2024

Mpenzi,

Ongeza. Usiogope. Chombo kidogo kinataka mashine iliyofunguliwa masikio karibu mpaka mwisho. Ndiyo bei yake: ukitaka kusikia ukucha wa Mzee kwenye waya, utasikia na kuku. Zima friji. Rekodini baada ya chakula cha mchana, watu wakiwa wamelegea. Sogeza maiki ya vidole karibu kidogo, iinamishe, isitazamane na uso wake maana wapigaji wazee wanapumua kwa nguvu puani.

Kidole kinachochelewa usikiguse, wala mimi sitakigusa. Mwambie hivyo kwa jina langu. Na nitumie kila kitu kilivyo, bila kukata mwanzo wala mwisho. Na ile dakika.

Wako daima,
Barnabé


Banda
22 Septemba 2024

Barnabé, mpenzi wangu,

Faili nimekutumia sasa hivi, zote kama zilivyotoka kwenye mashine. Sijasikiliza hata moja, nataka wewe uwe wa kwanza.

Leo Baba alikuwa mtu mwingine. Nilimpa ujumbe wako wa kidole akacheka puani. Kisha akapiga nyimbo tano mfululizo, pamoja na ule wa bibi aliyekataa kuvuka mto, ambao sikuwa nimeusikia tangu Mama alipokufa. Nililia kimya kimya kwa kuogopa maiki. Alipomaliza tukatoka wote kibarazani tukaiacha ile dakika yako, kisha nikarudi kuzima.

Baba aliniuliza nani amenifundisha mambo haya yote. Nikamwambia ni Barnabé, mkwe wako. Akatabasamu, Barnabé, kwa kweli akatabasamu. Hata Shangazi Adoch alisema Desemba iko mbali.

Niandikie haraka.

Lamwaka wako


Nairobi
1 Oktoba 2024

Bi Lamwaka,

Faili zimefika. Samahani kwa kuchelewa.

Wimbo wa kwanza una mtikisiko wa stendi, lakini unatumika. Wa pili na wa tatu ni safi. Wa nne una pikipiki mwanzoni, nitaipunguza. Wa tano, ule wa bibi na mto, ni mzuri kuliko kitu chochote nilichopokea mwaka huu. Mpe Mzee pongezi zangu, au usimpe, kama utakavyoona inafaa.

Dakika ya chumba kitupu ni safi sana. Maiki ulizochagua ni nzuri. Zinasikia hadi nje ya mlango.

Desemba nitakuwa na kazi nyingi huku. Safari sidhani kama itawezekana.

Barnabé M.


Banda
4 Oktoba 2024

Barnabé,

Bi Lamwaka? Tangu lini? Na hiyo M. ni ya nini, nimekuwa benki?

Unaniandikia kuhusu stendi na pikipiki, halafu Desemba unaitupa mwishoni kama ganda la ndizi. Mama Hortense na kitenge chake atafanya nini? Mimi Baba nitamwambia nini? Kama umempata mwingine huko Nairobi, mwenye nyumba isiyo na shangazi, sema. Mimi ni mtoto wa askari, nimezoea kupokea amri. Sijazoea kupokea risiti.

Lamwaka


Banda
24 Oktoba 2024

Barnabé,

Hukujibu. Wiki mbili nilikukasirikia kila asubuhi nikipiga mswaki.

Jana nilitaka kumsikilizisha Baba ule wimbo wa bibi na mto, nikakosea nikafungua faili ya mwisho, ile dakika yako. Nilikuwa nimevaa hedifoni, ashukuriwe Mungu kwa hedifoni. Sasa nimesikia ulichosikia.

Kwanza mlango unafungwa. Kisha viti vya kibarazani vinaburuzwa. Nilidhani tuko nje, nilidhani mlango ni mlango. Kisha Shangazi Adoch anauliza wazi kabisa, kana kwamba amekaa ndani ya sikio langu: "Huyu mtu ya kukuandikia kila siku mambo ya mashine ni nani?" Na mimi ninajibu. Ninaijua sauti yangu ninapotaka kumfurahisha mtu. "Ni fundi tu, Shangazi. Mkongo moja ya kuuza mashine. Unajua Wakongo, wakikuuzia kitu hawakuachi." Kisha nacheka. Shangazi naye anacheka. Baba anakohoa. Kisha nyayo zangu zinarudi, naja kuzima, na bado ninacheka kidogo.

Nikakuandikia siku hiyo hiyo kwamba nimekuita mkwe.

Sina la kujitetea. Nimejaribu kulitafuta tangu jana. Ningeweza kusema nilimwogopa Shangazi, na kweli namwogopa, lakini hakunishika koo. Aliuliza swali tu. Ningeweza kusema nilikuwa nangoja siku nzuri ya kumwambia Baba. Siku nzuri zilikuwepo, Barnabé. Baba hajui lolote. Tangu mwanzo hajui. Salamu zote nilizokuletea kutoka kwake nilizitunga mimi mwenyewe. Nilikuwa napenda kuzitunga, zilikuwa zinanifanya nijione mtu jasiri.

Na kicheko. Kwa maneno naweza kuulaumu mdomo, lakini kile kicheko kilitoka kwangu chenyewe, kwa raha. Nimekisikia mara moja tu, sikuweza tena. Wewe umekaa nacho mwezi mzima, ukanisafishia nyimbo za Baba juu yake. Nikifikiria hivyo uso unaniwaka hata nikiwa peke yangu darasani.

Sikuombi Desemba. Nataka tu ujue kwamba kesho namwambia Baba. Yote, pamoja na kicheko.

Lamwaka


Nairobi
26 Oktoba 2024

Lamwaka,

Nilisikia, ndiyo. Nilifikiri nikunyamazie tu, kwa sababu hata mimi niliona aibu, kama mtu aliyekutwa dirishani kwa watu. Nilijiambia fundi hasikii maneno, anasikia sauti. Nikashindwa.

Sijui niseme nini kuhusu Desemba. Nipe muda.

Lakini nakuomba kitu kimoja, na ni muhimu: usimtafute Mama Hortense. Usimwambie lolote, wala usimtume mtu kwake. Niache nimwandae mwenyewe kwanza. Kuna mambo ya kwetu ambayo sikukueleza vizuri. Tafadhali.

Barnabé


Banda
27 Oktoba 2024

Barnabé,

Barua yako niliikuta jana jioni tuliporudi. Tulirudi kutoka Katwe.

Nitakueleza kwa mpangilio, maana una haki ya kujua na nisiposema leo sitasema tena.

Ijumaa nilimwambia Baba. Alikuwa anakunywa chai. Nilimwambia wewe ni nani, tangu lini, na nilichokisema kibarazani. Nilidhani ataniuliza kwa nini Mkongo, kwa nini si mtu wa kwetu. Aliuliza moja tu: "Yeye alisikia?" Nikasema alisikia. Akaweka kikombe chini. "Mimi nilikuwa nimekaa pale," akasema. "Mtu anatukanwa kwa baraza yangu, na mimi nakohoa." Kisha akauliza wewe una mzazi hapa Kampala. Nikamwambia Mama Hortense, anashona Katwe, anangoja Desemba. Akasema hatuwezi kungoja waje kwetu. Sisi ndio tuliokosa, sisi ndio tunakwenda.

Jumamosi aliamka mapema akanyoa ndevu. Akavaa koti lake la bendi ya polisi, la buluu, lenye vifungo vya shaba. Analivaa kwenye harusi na mazishi tu. Alikuwa anamheshimu mama yako, Barnabé. Nataka ujue hivyo kabla sijaendelea. Nami nilijivunia kutembea naye.

Tuliulizia njia kwa wachomeleaji, tukapita katikati ya masanduku ya bati na milango ya geti, mpaka tukaona mashine ya kushonea kizingitini. Alikuwa ameinama anaunga mkono wa gauni. Baba akasimama wima mbele ya mlango, akapiga hodi kwa sauti yake ya gwaride.

Alipoinua macho hakuniona mimi kabisa. Aliona vifungo. Akatoka kwenye kiti akapiga magoti juu ya vitambaa, mkono mmoja juu, mwingine unachakura kwenye kopo chini ya meza. Akatoa karatasi zake. "Niko na karatasi, afande. Zote ziko hapa, mupya. Sina mubaya na mutu." Baba akasema, "Hapana, mama, hapana, simama," akapiga hatua mbele ili amwinue, na yeye akarudi nyuma mpaka ukutani. Majirani wakaanza kuchungulia.

Baba akaelewa kabla yangu. Akaanza kulivua koti palepale mlangoni. Lakini vile vidole, Barnabé. Vifungo vilikataa. Alivuta cha kwanza, kikakataa, akavuta tena, jasho linamtoka, mama yako yuko chini na karatasi mkononi, na watu wanatazama. Nilimfungua mimi, kimoja kimoja, kama mtoto. Sijawahi kumwona Baba hivyo. Alipobaki na shati akakaa chini sakafuni, asiwe mrefu kuliko yeye.

Kisha nikasema jina langu. Nikasema mimi ni Lamwaka, mchumba wa Barnabé, na huyu ni Baba yangu, tumekuja kuomba msamaha kwa neno baya nililosema juu ya mtoto wako.

Mama Hortense akanitazama. Akamtazama Baba. Akasema, "Lamwaka? Huyu si ni muteja? Barnabé aliniambia iko na muteja Kampala, mama moja ya kununua mashine. Ya muchumba hakuniambia."

Hakuna kitenge. Niliangalia, samahani, niliangalia vitambaa vyote mle ndani kama mpumbavu. Alinieleza mwenyewe polepole, akiwa bado chini. Kwamba kule kwenu, wenye sare ndio waliomchukua mumewe nyumbani, na hakurudi. Kwamba aliapa mbele yako kuwa mtoto wa mwenye sare hataingia kwake. Kwa hiyo ukanifanya mteja. Sikuulizi kwa nini. Mimi nilikufanya muuzaji kwa sababu ndogo zaidi.

Baba alikuwa anaangalia sakafu kwa aibu yangu. Mama Hortense alikuwa amejifunika mdomo kwa aibu yako. Mwishowe akainuka akawasha jiko, akatupa chai, kwa sababu hakujua afanye nini tena. Tulikunywa. Hakuna aliyesema Desemba.

Tulipofika barabarani niligundua koti limebaki kule. Nikasema nirudi kulichukua. Baba akasema, "Wacha." Alitembea Katwe nzima na shati tu, na watu wanamsalimia mzee, na hakumjibu hata mmoja.

Lamwaka


Nairobi
1 Novemba 2024

Mzee Saverio,

Shikamoo. Naandika kwa njia ya binti yako kwa sababu sina anwani nyingine, na sikuwahi kuitafuta. Hilo ni kosa langu la kwanza kwako.

Naitwa Barnabé. Mimi si muuzaji wa mashine. Nampenda binti yako huu ni mwaka wa pili. Muda wote huo nilimwambia kwamba mama yangu mdogo anamjua na anamngoja, na kila neno la hayo nililitunga. Aliponikana kwa maneno machache kibarazani kwenu, nilijifanya mtu aliyejeruhiwa. Nilimwita Bi. Nilimnyima jibu. Nilimwacha ajione mwovu peke yake, nami nikijua fika nilichokuwa nimemwambia Mama Hortense. Nilifurahia kuwa upande wenye haki, Mzee. Hata sasa naona haya kuandika sentensi hiyo.

Nilimwomba asiende Katwe. Sikumwambia sababu. Ningemwambia sababu tangu mwanzo, wewe ungeenda na koti lingine, na mama yangu asingepiga magoti. Nilijiambia naificha hofu ya mama yangu, kumbe nilikuwa naficha woga wangu.

Nilimpigia simu Jumapili. Alilia, kisha akanitukana kwa Kishi, lugha yetu ya Bukavu, kisha akaniambia neno ambalo bado nalifikiria. Alisema, yule mzee alivua mbele ya watu. Katika maisha yake hajaona mwenye sare akiivua kwa ajili yake.

Mimi sina ukoo wa kuleta kwako. Sina baba, sina wajomba wa kukaa mstari mmoja na kusema maneno. Nina yeye tu, na wewe umeshamwona akiwa chini. Kama bado unaweza kunipokea, naomba nije. Kama huwezi, nitaelewa, na nyimbo zako nitazimaliza na kuzituma vilevile.

Wako kwa heshima na aibu,
Barnabé Mugisho


Banda
5 Novemba 2024

Barnabé,

Lamwaka anaandika, mimi ndio nasema. Nimemwambia aandike vile nasema, asitengeneze.

Barua yako nimesikia. Mtoto alisoma mara mbili.

Wewe ulidanganya, yeye alidanganya, mimi nilikohoa. Hata huyo dada yangu Adoch nilimwita, nikamwambia yote kwa nguvu ili asiseme hakusikia. Sasa yeye ndio hataki kutoka kwa chumba. Nyumba hii yote iko na aibu, hakuna wa kucheka mwenzake.

Mama yako alikuja jana. Peke yake, kutoka Katwe mpaka hapa, aliuliza njia. Alileta koti. Alilipiga pasi na alibadilisha kifungo yote. Aliweka ya plastiki, nyeusi. Zile za shaba alinipa kwa karatasi, kwa mkono, mimi niamue. Alisema hizi mpya zinafunguka upesi kwa kidole mbaya. Alisimama kwa mlango kidogo, halafu aliingia. Nilimpigia ile ya bibi na mto. Nilikosea pahali mbili.

Desemba ni mbali. Kuja mwezi hii. Usilete kitu, na usije kimyakimya. Ukifika kwa geti sema jina yako na kitu imekuleta, kwa nguvu, mpaka majirani wasikie na Adoch asikie. Mashine iko sawa, haihitaji fundi. Kuja wewe.

Saverio
(Sajini, mstaafu)